Ukurasa wa tano: programu ya mazishi iliyopata idhini mbili

Kisa hiki kinahusu nakala 300 za programu ya mazishi, kurasa 16 za A5, zilizochapwa Alhamisi usiku katika duka moja la uchapishaji mjini Kisumu na kukataliwa Ijumaa asubuhi, saa chache kabla ya mwili kutolewa mochari kupelekwa nyumbani Nyakach. Nimekuwa kwenye kazi ya uchapishaji kwa muda mrefu, na mwenye duka pamoja na mwenyekiti wa kamati ya mazishi waliniomba nisome mawasiliano yao yote, kuanzia ujumbe wa kwanza hadi wa mwisho, niwaambie palipoharibika. Wamekubali nieleze mambo haya mradi nisitaje majina.

Kilichokataliwa ni ukurasa wa tano, unaoorodhesha familia. Marehemu alikuwa na wake wawili, na wote wawili wako hai. Katika nakala zilizochapwa, mke wa pili na watoto wake wako juu, na mke wa kwanza na watoto wake wako chini. Hakuna jina lililokosewa wala mtoto aliyesahaulika. Hata alama ya ung'ong'o kwenye majina kama Ochieng' na Achieng' ilikuwa mahali pake. Mpangilio tu ndio uliogeuka.

Msomaji asiye wa kwetu huenda akauona huo ni msiba mdogo ndani ya msiba mkubwa, kwa hiyo nieleze kidogo. Kwa Wajaluo mke wa kwanza ni mikayi, wa pili ni nyachira, wa tatu ni reru, na kila mmoja ana nafasi yake ambayo haibadiliki kwa umri, kwa mali wala kwa mapenzi ya mume. Nyumba ya mikayi ndiyo inayotazamana na lango la boma. Hata mapacha wana utaratibu wao: Opiyo hutangulia, Odongo hufuata, na jina lenyewe linakwambia nani alizaliwa kwanza. Programu ya mazishi nayo haitupwi jioni ya mazishi. Hukunjwa ikawekwa ndani ya Biblia au kwenye sanduku, na baadaye, wakati familia inapokwenda kwa chifu kuandikiwa barua ya warithi, kuna watakaoitoa na kusema hivi ndivyo tulivyoandikwa. Sheria ya Urithi, kifungu cha 40, hugawa mali ya marehemu mwenye wake zaidi ya mmoja kwa kufuata nyumba na idadi ya watoto wa kila nyumba, haiangalii nani yuko juu kwenye karatasi. Lakini watu wanaosubiri mgawanyo huo hutazama karatasi kwa macho makali, na siwalaumu.

Turudi kwenye mawasiliano, maana humo ndimo kisa kilipo.

Jumatatu jioni, binti wa marehemu anayeishi Nairobi aliandikia duka kwa WhatsApp. Ni mtoto wa nyumba ya pili, na hilo mlikumbuke. Alituma nusu ya malipo usiku huohuo kwa M-Pesa, Sh22,500 kati ya Sh45,000. Maandishi yalikuja kama yanavyokuja siku zote: mengine yamechapwa kwenye ujumbe, mengine ni picha za karatasi zilizoandikwa kwa mkono, na sehemu ya historia ya ukoo ikaletwa kwa sauti iliyorekodiwa na shangazi. Dizaina wa duka alikusanya vyote akavipanga. Jumanne alituma prufu ya kwanza, yaani nakala ya kusomwa na kusahihishwa kabla ya kuchapa. Makosa yalikuwa ya kawaida: mwaka wa kuzaliwa, jina la kanisa, na vichwa vya habari ambapo kila "ng'" ilitokea na kisanduku kitupu kwa sababu fonti ile ya mapambo haina alama hiyo. Akabadilisha fonti. Kazi nzuri kabisa.

Jumatano alituma prufu ya pili kwa binti na pia kwa mwenyekiti wa kamati, mzee aliyeko nyumbani, ambaye binti mwenyewe alimtaja kuwa ndiye atakayesoma pamoja na familia. Mzee huyu alifanya jambo ambalo ningependa kila mteja alifanye. Hakusoma kwenye simu. Alikwenda saiba, duka la kompyuta, sokoni Katito, akachapisha kurasa zote 16 kwa wino mweusi, akarudi nazo kwenye mkutano wa jioni na kuzisomesha kwa sauti mbele ya nyumba zote mbili. Waliandika marekebisho sita kwa kalamu. Alipiga picha za kurasa zile sita, akazituma, na baada ya dizaina kurekebisha na kurudisha, akajibu: "Tumesoma yote na wazee. Endeleeni na kazi." Katika prufu ile mikayi yuko ukurasa wa tano na watoto wake, nyachira yuko ukurasa wa sita na wake.

Hiyo ilikuwa idhini kamili. Aliyeitoa alikuwa na mamlaka ya kuitoa, alichokiidhinisha kinajulikana, na walioguswa walikuwapo kinasomwa. Duka lilikuwa na haki ya kuwasha mashine saa ileile.

Halikuwasha. Alhamisi saa sita mchana binti alileta picha bora ya marehemu ya kuweka kwenye kava, na pamoja nayo shukrani za ukurasa mzima: wauguzi, wafanyakazi wenzake wa marehemu, kanisa, chama cha kina mama. Ni maombi ya haki, hakuna wa kumkatalia. Ila kijitabu cha kushonwa kwa pini katikati hakiongezwi ukurasa mmoja. Kurasa huenda nne nne, kwa sababu kila karatasi ikikunjwa huzaa kurasa nne. Ukitoka 16 unakwenda 20, na bei inapanda. Dizaina akaamua kubana. Alichukua kurasa mbili za familia akaziunganisha kuwa moja, akasogeza nyingine zote nyuma hatua moja, na shukrani zikapata nafasi ukurasa wa 15.

Sasa tazameni alichokutana nacho pale kwenye ukurasa wa tano. Alikuwa na picha mbili. Ya nyachira ilipigwa kwa simu mwaka huu, kali, ina mwanga mzuri. Ya mikayi ilikuwa imenakiliwa kutoka kwenye kitambulisho cha zamani, ndogo kama stempu, na ukiikuza inavunjika vipande. Kila aliyefunzwa kupanga ukurasa angefanya alivyofanya: picha kubwa juu, ndogo chini, na orodha ya majina ikifuata picha yake. Nimeziweka kurasa zote mbili kando kwa kando. Ile iliyokataliwa ndiyo inayopendeza zaidi. Kijana huyu hakuwa mvivu wala hakuwa na upande. Yeye mwenyewe si Mjaluo, na hakuna aliyemwambia kuwa juu na chini kwenye ukurasa ule si suala la urembo.

Saa kumi na moja jioni alimtumia binti picha mbili, kava na ukurasa wa shukrani, na ujumbe: "Dada, cheki kava mpya na ukurasa wa shukrani. Tuchape?" Binti alikuwa ndani ya basi akielekea Kisumu. Akajibu: "Imependeza sana, asante. Chapeni." Faili iliyokwenda kwenye mashine usiku ule iliitwa FINAL MPYA 2. Karatasi ya kwanza ilipotoka, waliangalia rangi ya uso wa marehemu, wakaridhika, na mashine ikaendelea.

Asubuhi mzee alifungua nakala moja akiwa bado amesimama kwenye kaunta. "Kijana, mama mkubwa amewekwa wapi hapa?" Ndipo lilipofanyika jambo lililoniuma kuliko ukurasa wenyewe. Karani, kwa hofu ya hasara, alipiga picha ya skrini ya ule ujumbe wa "Chapeni" akamwonyesha mzee. Mzee akaomba atumiwe. Kabla ya saa tatu picha ile ilikuwa kwenye grupu la familia. Binti wa nyumba ya pili, ambaye ndiye aliyeagiza na kulipa, alionekana mbele ya ndugu zake wote kuwa amempandisha mama yake juu ya mikayi usiku wa kuamkia safari ya mwili. Hakuwa ameuona ukurasa wa tano kabisa. Alikuwa ameulizwa habari za kava na shukrani, akajibu habari za kava na shukrani.

Ningependa wenye maduka waliosoma mpaka hapa wasimame kidogo. Ujumbe wa mteja kukubali kazi tunautunza ili utulinde, na ni haki yetu kuutunza. Lakini ujumbe ule ulikuwa unathibitisha kitu kimoja tu, kwamba kava na ukurasa wa 15 vilikubaliwa. Kuutoa kama ushahidi wa kurasa 16 ni kusema uongo kwa kutumia maneno ya kweli, na aliyebebeshwa mzigo ni mtu aliyefiwa na baba. Mwenye duka, mama makini ninayemheshimu, alilikubali hilo mapema. Kabla ya mazungumzo yoyote ya pesa alimwomba mzee amweke kwenye grupu, akaandika mwenyewe kwamba ukurasa wa tano ulibadilishwa dukani Alhamisi mchana ili kupata nafasi, kwamba binti hakuonyeshwa mabadiliko hayo, na kwamba duka linarekebisha. Sentensi tatu. Nafikiri ziliokoa mazishi yale zaidi ya kazi yote ya mashine iliyofuata.

Hoja yake ya kujitetea, aliyonipa baadaye tukiwa wawili, ina uzito na lazima ijibiwe. Alisema: mteja wangu ni aliyeniagiza na kunilipa; siwezi kujua siasa za kila boma; aliyelipa akisema chapa, nachapa. Katika kadi za biashara, risiti na mabango ningekubaliana naye bila swali. Hapa haisimami, na sababu iko kwenye simu yake mwenyewe. Jumatano duka lilimtumia mzee prufu, likangoja neno lake siku nzima, likarekebisha alichosema, likangoja tena. Duka lilijua nani msomaji. Haiwezekani mzee awe wa lazima Jumatano halafu Alhamisi asihitajike, na ilhali kilichobadilishwa Alhamisi ni kilekile alichokisoma Jumatano.

Wengine waliniambia dawa ni rahisi, angetumiwa binti faili nzima upya. Siamini. Mtu aliye safarini, amefiwa, simu ina asilimia chache za chaji, ukimpa kurasa 16 atafungua ya kwanza na ya mwisho. Na angekuwa na sababu nzuri: kurasa nyingine zilikwisha kusomwa na wazee. Idhini ya Jumatano ndiyo iliyowafanya wote walegeze macho. Hapo ndipo naona kiini cha kisa hiki. Prufu iliyosomwa vizuri na kukubaliwa, kisha ikaguswa kimyakimya, ni hatari kuliko ambayo haijasomwa, kwa kuwa kila mtu anaitegemea. Kilichohitajika Alhamisi ni ujumbe wa mstari mmoja kwenda kwa mzee: "Mzee, ili shukrani zitoshe tumeunganisha ukurasa wa 5 na wa 6, na picha za akina mama zimehamishwa, tafadhali tazama ukurasa wa 5." Angeujibu ndani ya dakika kumi. Mtu akitajiwa kilichobadilika, hukitazama.

Kuhusu namna ya kutuma, nitapita haraka kwa sababu haikuwa chanzo hapa, ingawa huwa chanzo kwingine. WhatsApp hubana picha, na herufi ndogo za orodha ya wajukuu huwa ukungu. Tuma PDF kama hati. Na rangi ya skrini si rangi ya karatasi. Mwambie mteja hivyo mapema, kabla hajaahidiwa zambarau ya sare ya kwaya.

Matengenezo yenyewe yalikuwa hivi. Dizaina alipendekeza stika ya kufunika ukurasa. Mzee alikataa, na alikuwa sahihi: stika juu ya majina ya familia ni mwaliko wa kubandua, kila mwombolezaji angekwangua kwa ukucha aone kilichofichwa. Ikabaki kubadilisha karatasi. Katika kijitabu cha kurasa 16, ukurasa wa 5 haukai peke yake, uko kwenye karatasi moja na ukurasa wa 6, wa 11 na wa 12. Kwa hiyo zilihitajika karatasi 300 za A4, ambazo zikichapwa mbili mbili ni shiti 150 za SRA3, karatasi kubwa ya mashine inayotosha A4 mbili. Kabla ya kuchapa, shiti moja ilitolewa, mzee akakaa nayo na mtoto mkubwa wa mikayi akiwa kwenye simu, akasoma kurasa zote nne kwa sauti, siyo ya tano peke yake, akaandika jina, tarehe na saa kwenye pambizo. Picha ya kitambulisho ilibaki ndogo. Waliiweka juu hivyohivyo, kwenye fremu nyembamba yenye nafasi nyeupe pande zote, na ya nyachira ikapunguzwa ilingane nayo.

Kisha watu wanne walikaa mezani kung'oa pini 600 kwa ncha ya kisu, kuchomoa karatasi ya tatu kutoka nje, kuingiza mpya na kupiga pini tena. Kuna kitu ambacho asiye fundi hakijui: karatasi zikikunjwa pamoja, za ndani huchomoza kidogo kuliko za nje, na gilotini, mashine ya kukatia karatasi, ikishakata ukingo, kila karatasi inakuwa na upana wake. Ukiikata karatasi mpya kwa kukisia, itachungulia au itazama. Waliiacha bila kukatwa, wakashona, kisha wakapitisha vijitabu vyote kwenye gilotini mara ya pili na kutoa milimita mbili. Iliwezekana tu kwa sababu dizaina alikuwa ameacha pambizo pana tangu mwanzo. Saa saba mchana zote zilikuwa ndani ya boksi. Zile karatasi 300 za zamani mzee alizihesabu akaondoka nazo, na duka likafanya vyema kumpa.

Fedha zilimalizwa kwa urahisi kuliko nilivyotarajia. Familia ilimaliza Sh22,500 iliyobaki, na duka likabeba gharama ya kurudia. Nadhani huo ndio mgawanyo wa haki, na ningesema kinyume kama kosa lingekuwa kwenye prufu ya Jumatano. Kosa lililosomwa na kupitishwa na wenyewe, marekebisho yake ni ya wenyewe. Hapa mabadiliko yalifanywa na duka, kwa uamuzi wa duka, na hayakutajwa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamtaka mtoa huduma atoe huduma ya ubora unaokubalika, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, kwa hiyo njia ya sheria ipo. Lakini nani anapeleka jeneza nyumbani akipitia mahakamani?

Tangu hapo duka limebadilisha mambo kadhaa. Fomu ya kupokea kazi ina mstari mpya unaouliza nani ana neno la mwisho, na jibu haliwezi kuwa "familia". Ni mtu mmoja, na namba yake ya simu. Faili zina namba na saa, neno FINAL limepigwa marufuku. Shiti ya kwanza kutoka mashine husomwa na mtu ambaye hakupanga kazi. Kwa programu za mazishi kuna swali moja zaidi, ambalo nilisisitiza: ni nani hutangulia nani katika orodha ya familia, na jibu huandikwa kwa maneno, lisiachwe likisomwa kutoka kwenye picha. Na kinacholetwa baada ya Alhamisi saa sita hakiingizwi tena kwenye kijitabu. Huchapwa kwenye karatasi moja ya A5 na kuwekwa ndani bila kushonwa. Shukrani za binti yule zingekaa vizuri kabisa kwenye karatasi kama hiyo, na kurasa zilizosomwa na wazee zisingeguswa.

Tulizungumza pia kuhusu kutoza ada kwa mabadiliko yanayoletwa baada ya idhini, kama wanavyofanya kwenye kazi za makampuni. Mwenye duka anasita kumtoza mfiwa, nami sikumshawishi.

Jambo moja bado hatujakubaliana. Anaona mtu mmoja wa kuidhinisha anatosha, na kwamba ukiongeza wasomaji Alhamisi jioni hutachapa kabisa. Mimi naona kwa ukurasa wa familia peke yake, pale penye nyumba zaidi ya moja, aliyetajwa aulizwe: umemwonyesha nani wa kila nyumba? Ataje majina mawili tu, yaandikwe. Mzee wa Nyakach alifanya hivyo bila kuombwa. Wenyeviti wengi hawafanyi, na kuna ambao kimya cha nyumba moja huwafaa. Mwenye duka ananiambia hiyo si kazi ya mchapaji.